Kabla Bikoni Hazijachimbiwa: Namna ya Kuingiza Uwanja na Njia ya Miguu Kwenye Mpango wa Halmashauri

Karibu kila mtaa wa Mbeya una njia ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Inapita nyuma ya nyumba, inashuka korongoni, inavuka kijito juu ya magogo mawili, inapanda ng'ambo na kutokea shuleni au sokoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wanapita watoto wa shule, nyuma yao mama wa ndizi na sinia kichwani, kisha kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia la viazi. Halafu siku moja mwenye kiwanja anashusha tofali, na njia inaishia hapo. Watu wanalalamika wiki mbili, ya tatu wanazoea kuzunguka.

Mwongozo huu ni wa kuiwahi siku hiyo. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu vipindi viwili, na katika muda huo tulipoteza uwanja mmoja na kuokoa njia moja. Uwanja ulitupotea kwa sababu watu wote walijua ni uwanja, ila karatasi haikujua. Tulipokwenda kuuliza, mchoro ulionyesha viwanja vinne vya makazi palepale nilipovunjika mkono nikidaka mpira nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyetuibia mwaka ule. Uwanja ulikuwa umeondoka zamani, kwa kalamu, na sisi tukaendelea kuuchezea bila habari.

Hatua nilizoandika hapa nimezipanga kwa namna ambavyo tungefanya kama tungepata nafasi ya kuanza upya. Nimetumia Jiji la Mbeya kwa mifano, lakini wa Manispaa ya Iringa, Njombe, Makambako au Tunduma atabadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Jua ardhi na barabara viko mikononi mwa nani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Wanaandika barua nzuri, wanaipeleka ofisi ambayo haihusiki, wanajibiwa "tumeipokea," kisha kimya.

Barabara kuu ya TANZAM, ile inayotoka Uyole, ikapita Mafiati, Kabwe na kuteremka Iwambi kuelekea Mbalizi, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara zinazoingia mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua barabara zilizokuwa zikisimamiwa na halmashauri. Kwa hiyo diwani akikuahidi lami, ujue naye ataomba kwa mwingine. Viwanja vya wazi, bustani, masoko na michoro ya mipango miji vimebaki kwa halmashauri, kwenye idara ya ardhi na mipango miji. Hilo lina msingi katika Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayoifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake.

Kuna ardhi ya aina nyingine, ambayo mimi naiona kama akiba kubwa kuliko zote katika mji wetu wa milima: kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu huisoma sheria hiyo kama katazo tupu. Lakini jaribu kuifikiria kwa upande wa pili: mto unaokatiza mitaa mitano umeshakuachia ukanda mrefu usiojengwa, unaoweza kuwa na miti, nyasi na njia ya miguu isiyo ya zege. Kwa eneo la namna hiyo utazungumza na afisa mazingira wa halmashauri na pia ofisi ya bonde la maji, inayosimamia mito. Bonde la Ziwa Rukwa lina ofisi hapahapa Mbeya, Bonde la Rufiji liko Iringa, na la Ziwa Nyasa liko Tukuyu.

Kwa hiyo chukua daftari, chora njia yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila kipande ukikiandikia jina la mwenye nacho. Njia yetu haikufika hata nusu kilomita, na ilikuwa na wenyewe wanne: hifadhi ya barabara ya TARURA, kiwanja cha mtu binafsi, ukingo wa kijito na eneo la shule ya msingi.

Hatua ya 2: Nenda ukauone mchoro kwa macho yako

Usikubali kuambiwa "pale ni eneo la wazi" wala "pale si eneo la wazi" na mtu asiyekuonyesha karatasi, hata akiwa mzee wa mtaa anayeheshimika. Nenda ofisi ya mipango miji ukaombe kuona mchoro wa eneo lenu. Uende na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na barua fupi yenye muhuri wa mtaa. Mtu mmoja akienda peke yake hudhaniwa ni dalali.

Kuna karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, ambao wengi huuita TP. Huo unaonyesha matumizi: hapa makazi, hapa shule, hapa pa wazi, hapa njia. Ya pili ni ramani ya upimaji, inayotokana na mpima kwenda uwanjani na kuweka bikoni, yale mawe ya mpaka. Ya tatu ni hati ya mwenye kiwanja. Eneo la wazi linaweza kuwemo kwenye mchoro kwa miaka ishirini bila kupimwa, na hapo ndipo linapoliwa kidogo kidogo, kwa sababu jirani akisogeza ukuta hakuna jiwe la kumwambia umevuka. Ukikuta eneo lenu limo kwenye mchoro ila halijapimwa, basi ombi lenu la kwanza liwe upimaji. Bustani na mabenchi vitafuata.

Ukiwa pale, nakili namba ya mchoro, mwaka ulioidhinishwa, na namba za viwanja vinavyopakana na eneo. Tazama ufunguo wa rangi uliopo pembeni. Angalia pia kama kuna mchoro mpya uliofuta wa zamani, swali la kuuliza ni hili: "Je, huu ndio mchoro unaotumika leo?" Sisi hatukuliuliza, tukaondoka na furaha ya bure iliyodumu siku nne.

Ukizungushwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika ombi rasmi la taarifa, lipokelewe kwa muhuri na tarehe. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mara nyingi hutahitaji kufika huko. Barua inayotaja sheria kwa upole hufungua kabati haraka kuliko mtu anayegombeza kaunta.

Kwa mitaa isiyopangwa, na Mbeya tunayo mingi, kuanzia miteremko ya chini ya Loleza hadi mabonde ya pembezoni, pengine hakuna mchoro kabisa. Hapo subira yenu ina mlango mmoja mkubwa: urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango. Watu huuchukulia urasimishaji kama zoezi la kupata hati. Kumbe ndio wakati pekee ambapo mpangaji anakaa na kamati ya wakazi kuchora njia zipite wapi na kila mwenye eneo aachie kiasi gani. Ukisubiri rasimu ibandikwe ndipo uanze kusema, umechelewa. Kamati ya urasimishaji ikichaguliwa, hakikisha anaingia mtu mmoja asiye na kiwanja kikubwa wala gari. Nasema hivyo kwa uzoefu: wenye magari huomba barabara ya mita nane mlangoni kwao na kusahau kichochoro cha watoto.

Hatua ya 3: Hesabu miguu

Ofisini gari lina namba, mtembea kwa miguu hana. Mhandisi akiulizwa kwa nini barabara fulani ipewe fedha, anataja idadi ya magari kwa siku. Wewe nawe nenda na idadi yako.

Chagueni siku tatu za kawaida, Jumanne hadi Alhamisi, zisiwe za likizo ya shule wala msiba mkubwa mtaani. Ongezeni siku moja ya gulio au Jumapili. Watu wawili wakae sehemu moja wakiwa na daftari, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa tisa hadi saa moja jioni. Kila robo saa waanze mstari mpya. Daftari liwe na safu hizi: watoto wa sare, wanawake wenye mzigo kichwani, watu wazima wengine, wazee na wenye fimbo au kiti mwendo, baiskeli inayoendeshwa, baiskeli inayosukumwa, mkokoteni au guta, bodaboda, bajaji, gari.

Msiiache safu ya baiskeli inayosukumwa. Watu wa pwani wakisikia njia ya baiskeli wanafikiria tambarare. Mbeya iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na haina mtaa usio na mlima; hapa baiskeli inapanda kwa kusukumwa na kushuka kwa breki. Anayesukuma baiskeli yenye gunia anatembea pembeni yake, kwa hiyo anahitaji upana wa watu wawili, na anahitaji upande wa kupanda kuliko wa kushuka. Hesabu yenu ikionyesha hivyo, mnaweza kuomba njia pana upande mmoja tu wa barabara yenye mwinuko, na ombi la upande mmoja hupita kirahisi kuliko la pande mbili.

Pigeni picha kutoka sehemu ileile kila mara, kiangazi na masika. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Picha ya njia mwezi Agosti, yenye vumbi safi na jua, haitamshawishi mtu yeyote. Ipigeni tena Februari, utelezi umeshaiva na watoto wamevua viatu wakavishika mkononi.

Hatua ya 4: Pimeni

Azimeni tepu ya mita 50 kwa fundi yeyote. Pimeni upana wa njia kila baada ya hatua ishirini na muandike sehemu yake nyembamba kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayoamua nani apite na nani asipite. Vipimo vya kukumbuka: kiti mwendo kinahitaji karibu mita moja; watu wawili kupishana bila mmoja kushuka mtaroni ni mita moja na nusu hadi mbili; njia ya watembea kwa miguu na baiskeli kwa pamoja iwe walau mita mbili na nusu, tatu ikiwezekana. Kwa mteremko, kipimo kinachotumika sana kwa kiti mwendo ni kutopanda zaidi ya sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu. Huku kwetu mara nyingi haiwezekani, na ni heri kusema hivyo wazi kisha kuomba ngazi zenye reli pamoja na njia ndefu ya kuzunguka kuliko kuahidi kisichojengeka.

Kwa eneo la wazi, shikeni simu na mtembee kwenye mipaka mkirekodi pembe zote. Programu za bure zinatosha kwa ombi. Mpima wa serikali atakuja na vifaa vyake.

Hatua ya 5: Ongeeni na wanaopakana, kabla ya mkutano

Usimpeleke mtu kwenye mkutano wa hadhara akasikie kwa mara ya kwanza kwamba kiwanja chake kinakatizwa. Atapinga hata kama angekubali nyumbani kwake.

Mwenye kiwanja kilichokuwa katikati ya njia yetu alikuwa mzee mstaafu. Tulimwendea jioni watatu, mmoja wetu mama jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mnakuja kunikata."

"Tumekuja kukuomba, mzee. Na wewe utuambie unachoomba."

Kumbe shida yake haikuwa njia. Maji ya mvua yalikuwa yakifuata njia hiyo na kuingia jikoni kwake kila masika, na kila mwaka alikuwa akijaza mifuko ya mchanga peke yake. Akasema, mkinijengea mtaro upande wangu, chukueni mita mbili. Tukaandika palepale, mkewe na mwanawe mkubwa wakatia sahihi, kwa sababu ardhi ya familia haitolewi na mtu mmoja, na mtendaji akagonga muhuri. Karatasi hiyo ya mtaani haihamishi ardhi kisheria. Mchoro na upimaji ndivyo vinavyofanya hivyo. Ila inawafunga watu kwa aibu njema, na mpangaji akija anakuta kazi imeshafanyika.

Waendeeni pia vijana wa kijiwe cha bajaji na bodaboda, mama lishe na wauza mitumba. Mipango mingi ya njia za miguu hufa hapa. Halmashauri inajenga njia safi ya vitofali, baada ya mwezi imejaa meza za nyanya, kisha mgambo wanaitwa, kisha ugomvi. Muuza nyanya anafuata miguu, na njia yenu ndiyo yenye miguu. Kwa hiyo mchoreeni sehemu yake tangu mwanzo, kipande kipana pembeni ya njia, na kijiwe cha bajaji kipewe mahali pake pa kusimama. Ukiona mpango ambao hauna mahali pa mama wa maandazi, huo mpango haujakaa mtaani hata asubuhi moja.

Hatua ya 6: Muhtasari, kisha barua

Hoja ikishaiva, mwombeni mwenyekiti aiweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Isiingizwe kwenye "mengineyo". Mengineyo hujadiliwa watu wakiwa wamesimama wanakung'uta nguo. Someni hesabu ya miguu kwa sauti. Watu wakikubali, kinachotakiwa ni muhtasari wenye tarehe, idadi ya waliohudhuria, azimio lililoandikwa neno kwa neno, sahihi za mwenyekiti na mtendaji, na orodha ya mahudhurio. Bila muhtasari mlikuwa mnapiga soga.

Kutoka mtaani azimio linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka huko linakwenda halmashauri, kwa wataalamu na kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ndipo Baraza la Madiwani. Msitegemee lipande lenyewe. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kulifuata ngazi hadi ngazi, na apewe nauli.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mfano wa kunakili ni huu:

Serikali ya Mtaa wa ........,
Kata ya ........,
Mbeya.
Tarehe ........

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Mbeya,
MBEYA.

K.K. (Kupitia Kwa): Afisa Mtendaji wa Kata ya ........

YAH: MAOMBI YA KUTAMBUA NA KUPIMA NJIA YA MIGUU NA ENEO LA WAZI LA MTAA WA ........

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

2. Wakazi wa Mtaa wa ........ katika mkutano wao wa tarehe ........ waliazimia kuomba njia ya miguu inayotoka ........ hadi ........, yenye urefu wa mita ........, iingizwe kwenye mchoro wa mipango miji na kupimwa. Muhtasari umeambatishwa.

3. Njia hiyo hutumiwa na wanafunzi, wafanyabiashara wadogo na wagonjwa wanaokwenda zahanati. Hesabu ya watumiaji ya siku nne imeambatishwa pamoja na picha na vipimo.

4. Wamiliki wa viwanja vinavyopakana wameridhia kwa maandishi (nakala zimeambatishwa).

5. Tunaomba: (a) afisa mipango miji na mpima watembelee eneo, (b) eneo la wazi lililoonyeshwa kwenye mchoro namba........ lipimwe na kuwekewa bikoni. (C) kivuko cha........ kiingizwe kwenye vipaumbele vya mwaka wa fedha ujao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
(Sahihi na muhuri)

Nakala: Diwani wa Kata, Meneja wa TARURA, Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi........

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na kurudi nanyi. Ombeni kitu kimoja kikubwa na viwili vidogo. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na maombi kumi na moja, pamoja na taa za barabarani na uwanja wa pete, na nina hakika hakuna aliyefika mwisho wake.

Hatua ya 7: Fuateni kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Barua inayofika Machi ikiomba fedha za Julai inayofuata imekosa basi, kwa sababu kwa kawaida Baraza la Madiwani huwa limeshapitisha bajeti Januari au Februari, na Bunge linakaa na makadirio kuanzia Aprili. Rudi nyuma uhesabu: kata ijadili Oktoba au Novemba, mtaa ukae Septemba, hesabu ya miguu ifanyike Agosti shule zikiwa zimefunguliwa. Wakati wa mitaa kutaja vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, njia ya miguu ishindane kwa haki na darasa na zahanati. Mara nyingi itashindwa, na kusema kweli pengine inastahili kushindwa. Ndiyo maana nasisitiza upimaji na mchoro kwanza: hivyo vinagharimu kidogo, na vikishafanyika njia inaweza kungoja lami miaka kumi bila kuibiwa.

Fedha za TARURA hazipiti kwenye bajeti ya halmashauri moja kwa moja, hivyo nakala ya barua kwa meneja wake si mapambo. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli imeongezwa kwa ajili ya barabara za wakala huo. Kumbusheni hilo kwenye kijiwe cha bajaji mnapotafuta sahihi, watasaini haraka. Ulizeni pia kama barabara yenu imo kwenye orodha ya mtandao wa TARURA. Isiyokuwemo ni vigumu kutengewa hata fedha ya kuchonga.

Miradi mikubwa ina wakati wake mfupi wa kusikiliza. Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogusa miji 45 nchini, Mbeya ikiwemo, ni mifano ya kazi ambazo mhandisi mshauri huitisha vikao na wananchi kabla au wakati wa ujenzi. Nendeni vikao hivyo mkiwa na swali moja tu: mtoto anayeishi upande huu na kusoma upande ule atavukia wapi? Mwambieni awaonyeshe kwenye mchoro kwa kidole. Kivuko kikikosekana kwenye mchoro, watu watavuka popote, kwenye barabara ambayo malori ya Tunduma yanapita usiku na mchana. Ndani ya makazi sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, lakini kibao peke yake hakijawahi kupunguza kasi ya lori linaloshuka Iwambi.

Hatua ya 8: Mtu ameshaanza kujenga

Wahini akiwa kwenye msingi. Mwenyekiti na mtendaji waende siku hiyohiyo waombe kuona kibali cha ujenzi. Kama hana, au kibali ni cha kiwanja kingine, taarifa ya maandishi yenye picha na namba ya mchoro iende kwa mkurugenzi ili atoe notisi ya kusimamisha. Msibomoe wenyewe, wala msiende kwa makundi usiku. Kesi itageuka na kuwa yenu. Kama anaomba kubadili matumizi ya eneo kihalali, majirani wana nafasi ya kuweka pingamizi la maandishi, kwa hiyo mkiona tangazo limebandikwa kwenye mti au gazetini, ligeuzeni ajenda ya mkutano wiki hiyohiyo. Nyumba ikishapata paa, kila ofisi utakayoingia itakuuliza kwanza kuhusu watoto wanaolala ndani yake.

Iringa wana Gangilonga, lile jiwe ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea, na jioni watu wanapanda kutazama mji ukiwasha taa. Naamini nusu ya usalama wa mahali pale ni kwamba mwamba hauchimbiki msingi. Viwanja vyetu vya udongo havina bahati hiyo.

Hatua ya 9: Wakati mnangoja

Eneo linaloonekana halitumiki ndilo linaloombwa. Litumieni: ligi ya watoto, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mikutano ya mtaa, sala ya Idi, mkesha wa injili. Pandeni miti kwenye mpaka, si katikati. Msipande mikaratusi karibu na kijito, inakunywa maji. Miparachichi inapendeza na kivuli chake ni kizuri, ila muamue mapema matunda ni ya nani; sisi tuligombana msimu mzima kwa debe tatu.

Daraja la magogo mnaweza kulirekebisha kwa nguvu za wananchi, kwa ushauri wa mhandisi wa halmashauri au wa TARURA, na mwandike kila mchango, hata wa siku moja ya kubeba mawe. Kazi iliyokwishaanza na wananchi hupata msaada kirahisi kuliko iliyo kwenye karatasi tupu. Mzee wetu alijengewa mtaro wake kwanza, kabla ya njia, kwa mawe ya korongoni na saruji tuliyochangishana.

Mwisho ni faili. Viongozi wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024 kwa miaka mitano, na wakitoka huwa wanatoka na makaratasi yao, wengine bila nia mbaya. Tengenezeni nakala tatu za kila kitu: ofisi ya mtaa, ofisi ya kata, na mahali pa tatu pasipobadilika na uchaguzi. La kwetu liko kwenye bati la biskuti juu ya kabati la mwalimu mkuu, pamoja na namba ya mchoro iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu kwenye mfuniko.